Stamili Aliyenyolewa na Mama Yake

Stamili binti Mwanaisha binti Somoe, wa ukoo wa Nakanga kwa upande wa mama, kama tunavyohesabu sisi. Somoe ndiye aliyetoroka msafara wa watumwa karibu na mto Lukuledi akiwa na gogo la shingoni, akatembea nalo siku nne mpaka akampata mtu mwenye shoka. Mwanaisha, mwanawe, ndiye aliyepanda uwanda wa juu wa Makonde na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, Magwangwara, wavamizi wa Kingoni, walipoteremka Masasi. Yule wa kifuani alikufa kwenye mteremko, naye akamlaza chini ya kichaka akaendelea kupanda. Yule wa mgongoni ndiye Stamili. Na Stamili ndiye aliyeingia katika nyumba inayowaka akamtoa mama yake. Huyo ni bibi yangu, mzaa mama yangu. Watu wa Lupaso walimwita Bibi Mkono Mmoja, lakini mikono alikuwa nayo miwili, na mimi naandika jina lake lote.

Naandika kama nilivyosikia kwake mwenyewe. Alikuwa akisimulia huku anamenya muhogo, kwa sauti ile ile aliyoulizia kama kuku wameingia. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa kilio na kujipiga kifua. Hao hawakumjua.

Vita vya maji vilipofika kwetu, Stamili alikuwa mke wa mtu kwa miaka mitano na hajajaaliwa mtoto. Mumewe aliitwa Husseni. Husseni alinywa dawa, akanyunyiziwa maji kichwani, akafuatana na wenzake kuelekea Masasi. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya maiti yake. Wiki mbili baadaye kijiji chao, bondeni walikokuwa wamerudi kukaa, kikachomwa. Nilimuuliza bibi ni nani aliyechoma.

"Watu wa maji walisema ni askari," akanijibu. "Askari walisema ni watu wa maji. Mimi niliona moto."

Mwanaisha alikuwa ndani. Ndui ilikuwa imemaliza macho yake zamani, na magoti yalikwisha kukakamaa, hakuweza kusimama bila kushikwa. Stamili alikuwa shambani. Alikimbia, akaingia, akamkumbatia mama yake kwa mkono wa kushoto, na boriti ilipoanguka mlangoni akaiinua kwa mkono wa kulia. Aliishika mpaka wote wawili wakapita. Mkono ule ulipopona, vidole vinne vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja, kimekunjamana kiganjani, na kidole gumba kimebaki peke yake kinatazama pembeni.

Mama yake alimuuliza siku ile ile, "Umeungua?"

"Kidogo," akasema Stamili.

Basi. Hawakulizungumza tena.

Walikwenda juu, upande wa Newala, kwa mjomba wake Stamili, Nurdini, kwa sababu mjomba ndiye mwenye watu. Nurdini aliwapa kibanda nyuma ya nyumba yake na kipande cha shamba. Anayeijua Newala anajua habari ya maji yake. Juu kule ardhi ni nyekundu na haishiki maji. Wanawake walishuka korongoni jogoo wa kwanza akiwika, wakarudi na mitungi jua likiwa utosini. Stamili aliteka kwa mkono wa kushoto, akachuchumaa, akauviringisha mtungi juu ya paja mpaka begani, kisha akauinamia hadi ukae kichwani. Mtungi wake ulikuwa mdogo, wa msichana aliyetoka unyagoni juzi, kwa kuwa mkubwa hauwezi kunyanyuliwa hivyo. Alirudi na nusu ya maji ya wenzake, na nusu ya nusu hiyo ilikuwa ya kumnawisha mama yake na kumnywesha.

Mwaka wa pili baada ya vita ukawa wa njaa. Mtama ulikuwa umechomwa, mbegu zimeliwa. Watu walichimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini. Mng'oko unakwenda chini sana, na mti wa kuchimbia unataka mikono miwili. Stamili alichimba kwa mmoja na kwapa.

Ndipo likaja agizo. Wadachi walitaka barabara ipite Nanganga, ya kutoka Lindi. Kila mtu mzima asiye na mtoto wa kunyonya aende kuvunja mawe mwezi mmoja kwa zamu. Vilema wasamehewe: wapewe cheti cha akida, na kila mwezi ukiandama wapate posho ya mtama ghalani kwake, mpaka mavuno. Jumbe wetu, Muharami, alipita nyumba kwa nyumba.

"Stamili, jina lako limo," akasema.

"Na mama?"

"Mama yako kipofu, nani amvunjishe mawe? Lakini posho hapati mpaka akida amwone. Kilema lazima aonekane. Nenda naye, ukaonekane na wewe. Ule mkono wa kuvunja mawe uko wapi?"

"Mkono upo."

"Najua upo, dada. Kaonekane tu."

Kilichokuwa kinamsumbua Stamili si mawe. Aliniambia hivyo na mimi naamini, maana hakuwa mtu wa kuogopa kazi. Kilichomsumbua ni mwezi mmoja. Nurdini mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya Nanganga, na mkewe alikuwa na mapacha wanaonyonya. Jirani yao, Siti, alikuwa amerudi kutoka Nanganga na ana midomo mitano ya kunywesha kwake. Siti alimwambia wazi: "Siku tatu nitamwangalia mama. Mwezi mzima, kwa mtungi mmoja kwa siku, kuna mtu atakayekufa kiu, na mimi sitaki kuchagua ni nani." Kwa hiyo ilikuwa hivi: Stamili akipata cheti, Mwanaisha anaishi. Asipokipata, mama yake atakaa kwenye mkeka akisubiri maji mpaka akauke.

Akajiandaa kama tulivyofundishwa kujiandaa kwenda kwa mtu mkubwa. Alioga mtungi mzima, maji ya nusu siku. Akamwogesha mama yake. Akajipaka mafuta ya mbarika. Mke wa mjomba akamwazima kaniki ambayo haijafuliwa hata mara moja. Mkono wa kulia akaufunga ndani ya nguo, kwa sababu kwetu humnyooshei mkubwa kitu kibovu, hata kikiwa mwilini mwako. Na kwa mkubwa huendi mikono mitupu, basi akachukua makopa ya mwisho, muhogo mkavu ambao angeusaga wiki ile, akayatia kwenye kikapu. Kikapu kichwani, mama mgongoni kwa mbeleko kama mtoto, akateremka.

Baraza la akida lilikuwa bondeni, upande wa Masasi, mwendo wa siku moja na nusu kwa mtu mwepesi. Yeye alitumia tatu.

Akida alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na macho yaliyochoka. Mbele yake karani, kijana jina lake Halfani, na daftari. Askari wawili kivulini. Stamili akapiga magoti bila kumtua mama yake, akashusha kikapu.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, bwana."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima, bwana."

"Shamba?"

"Tunalima."

"Maji huko juu?"

"Tunateka, bwana."

Karani akawa anaandika. Stamili akanyamaza, akasubiri. Kwetu salamu inaanza na uzima, hata kama maiti yuko ndani ya nyumba. Ukishamaliza uzima mnanyamaza kidogo, halafu mwenyeji anakuuliza, "Na habari yenyewe?" Hapo ndipo unasema kilichokuleta. Kusema kabla ni utovu wa adabu. Akida hakuuliza.

"Kilema ni nani hapa?" akasema.

"Ni sisi, bwana. Mama na mimi."

Askari mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Tazama, bwana! Kilema amebeba kilema, na kikapu juu! Nipatie vilema kumi namna hii, barabara itafika Songea kabla ya mvua."

"Una nini?" akida akamuuliza.

"Mkono, bwana. Una hitilafu kidogo."

"Kidogo?"

Kidevu cha Mwanaisha kilikuwa begani kwake, sikio karibu na mdomo wake. "Kidogo," akasema Stamili.

Akida akakitazama kikapu. "Na hii?"

"Makopa, bwana. Yako."

"Wenye njaa hawagawi makopa," akida akasema, si kwa ukali, akampa mpishi wake ishara akichukue. "Halfani, andika. Mama, kipofu, posho, itachukuliwa na mtunzaji wake. Binti, mzima, mwenye nguvu. Nanganga mwezi ujao."

"Bwana, mtunzaji ni mimi."

"Basi mtafute mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Lindi wanataka idadi ya watu, mama. Habari zao hawazitaki. Anayefuata!"

Stamili akainuka na mama yake akarudi juu. Siku tatu tena. Nilimuuliza bibi alifikiria nini njiani. Akasema, "Nilifikiria njia."

Siti alikuwa akiwangoja. Alipomwona na ile kaniki alishika kiuno.

"Ndivyo ulivyokwenda? Umeng'aa kama bibi harusi, halafu unaomba posho ya vilema! Mimi ningekupeleka Nanganga ukawe nyapara."

"Nilikwenda kwa heshima."

"Heshima mpelekee mkwe wako. Pale unakwenda na vumbi lako, mkono nje, na usitie mguu na makopa. Makopa yenyewe umempa?"

"Nimempa."

"Ewe Mola!" Siti akasema, akaingia kwake, akatoka na ming'oko mitatu ya kuchemsha, akaiweka mlangoni bila neno jingine.

Mwanaisha alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Akasema, "Stamili, lete mkono."

"Upi?"

"Unaouficha."

Stamili hakusogea. Mama yake akapapasa mkekani mpaka akaupata, akaifungua ile nguo, akapitisha kidole kwenye ile nyama iliyoshikana, mbele na nyuma.

"Siku ya kwanza uliponinawisha uso kwa mkono huu baada ya moto," Mwanaisha akasema, "nilihesabu vidole. Vilikuwa viwili."

"Ulinyamaza."

"Na wewe ulinyamaza. Nikaona ndivyo tulivyopatana."

Wakaenda tena. Safari hii hawakuoga, hata mafuta hakupaka, na kikapu kilibaki nyumbani. Walipofika, Stamili alipiga magoti na kufungua kinywa kwa shikamoo, lakini Mwanaisha akamtangulia. Alishusha mkono wake juu ya bega la mwanawe, akaushika ule mkono mbovu kwenye kifundo, akaunyanyua juu hadharani.

"Bwana akida, hatujambo tutasema siku nyingine. Leo tazama hiki. Nyumba iliungua, mimi nilikuwa ndani, na hiki ndicho kilichonitoa."

Watu waliokuwa pale walitazama chini. Stamili aliniambia kwamba katika yote yaliyompata, hilo ndilo aliloliona aibu: mama yake kuacha salamu mbele ya watu.

Akida alisogea, akatazama. "Mbona hukunionyesha siku ile?"

"Hukuuliza habari yenyewe, bwana," akasema Stamili.

Akida akarudi kwenye kiti chake. Naona alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoachiwa haki. "Huyu ni kilema," akamwambia karani. Kisha akafumba macho kama mwenye maumivu ya kichwa. "Lakini sasa kuna jambo. Nikimwandika kilema, mtunzaji wa mama yake namwandika nani? Agizo la Lindi ndilo hili: posho ya kipofu hapewi kilema mkononi, kwa sababu atakula zote mbili. Kilema hatunzi kilema. Kipofu asiye na mtunzaji anapelekwa pwani, kwenye banda la wasio na watu."

Watu wawili wa upande wetu walikuwa wamepelekwa huko tangu njaa ianze, na hakuna aliyesikia wamerudi.

"Chagua, binti," akida akasema. "Wewe uwe mzima, mama yako apate posho, uende Nanganga. Au wewe uwe kilema, ubaki, na mama yako aende pwani."

"Na kama mimi sipo?" akauliza Mwanaisha.

"Kama hupo, mama, hakuna shida."

Jua lilikuwa limepinduka. Akida akaomba udhuru, akaenda kutawadha kwa sala ya adhuhuri. Karani Halfani alikuwa anapanga kalamu zake. Akasema bila kuinua kichwa, kama anayezungumza na daftari:

"Waliokufa nawaandika mimi. Kaburi sihitaji kuliona, nahitaji mtu wa kusema. Na watu wa juu wakija na msiba, huja wamenyolewa. Mwezi unaandama baada ya siku kumi na mbili."

Hilo ndilo tu alilosema. Stamili hakumwona tena isipokuwa mara moja.

Njiani kurudi walipumzika kwenye mteremko. Mwanaisha akauliza, "Hapa kuna jiwe kubwa jeupe kushoto?"

"Lipo."

"Basi ni hapa nilipomlaza mdogo wako." Kisha akaongeza: "Utakwenda kusema nimekufa."

"Sitasema neno hilo."

"Utasema. Mimi nilisema sitageuka nyuma, na sikugeuka. Ni neno na miguu, basi."

Kule nyumbani ilitokea tabu. Mwenye msiba hanyolewi ovyo. Ananyolewa na mkubwa wa ukoo, na nywele zinazikwa, na tangu hapo kila mtu anajua kwamba yule aliyekufa amekufa. Nurdini alikuwa ameitwa Nanganga wiki ile, bado hajaondoka. Alipoombwa alikasirika.

"Mimi nimnyoe mtu msiba wa dada yangu, na dada yangu yuko pale anapiga chafya?"

"Nitazuia chafya," akasema Mwanaisha kutoka ndani.

"Dada, usifanye mchezo. Ukishanyolewa msiba, msiba umeingia. Sitaki kujua. Wembe huo hapo, mimi nakwenda."

Akaacha wembe juu ya kinu, akaondoka.

Mwanaisha akasema, "Mkubwa wa kike katika ukoo huu ni nani?"

"Ni wewe," akasema Stamili.

"Basi kaa."

Stamili akakaa katikati ya miguu ya mama yake, pale pale alipokuwa akikaa utotoni kusukwa. Siti akaleta maji kidogo kwenye kifuu. Mwanaisha akalowesha nywele, akapapasa kwa mkono wa kushoto, akafuatisha wembe kwa wa kulia. Alianzia kwenye paji la uso. Alikwenda polepole, kiganja kikitangulia. Alimkata mara moja, nyuma ya sikio, na kovu hilo mimi nimelishika kwa kidole changu. Alipomaliza alikusanya nywele zote kutoka kwenye nguo na mkekani, kwa kugusa, akauliza, "Zimekwisha?" Stamili akasema zimekwisha. Mwanaisha akazifunga kwenye jani, akamwambia Siti akazizike.

Siti alirudi, akasimama mlangoni. Hakuweza kuvumilia ukimya ule. "Haya, marehemu," akasema, "utakula ming'oko?"

"Marehemu atakula," akasema Mwanaisha. "Mpe yenye unga. Yenye nyuzi mpe mwenye meno."

Stamili alikwenda peke yake, na Siti akakaa na mama siku tatu kama alivyoahidi. Alifika barazani kichwa kitupu, mkono nje. Akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, bwana."

"Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo."

Akanyamaza, kwa mazoea. Na safari hii akida naye akanyamaza, akamtazama kichwa, akasema, "Na habari yenyewe?"

"Mama yangu amekufa," akasema Stamili.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa namkatiza hapo: Bibi, ulilia? Alikuwa anasema, "Kwa nini nilie? Nilikuwa nasema kilichonipeleka." Mara moja tu alinijibu kwa namna nyingine. Alisema alipotamka neno lile alisikia kitu kinazimika, kama mtu anapotoka chumbani na taa, na akabaki anangoja kirudi, na hakikurudi.

Akida alisema Inna lillahi. Karani Halfani akaandika mistari miwili. Kisha akida akamwita mtumishi, akamnong'oneza, na mtumishi akarudi na kipande cha bafta nyeupe, kimekunjwa. "Najua mmemzika na kilichokuwepo," akida akasema. "Hii mfunike kaburi lake, au fanya upendavyo. Mama yako alikuwa na maneno makali. Nilimpenda."

Stamili alikipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshikilia kiwiko, ndiyo adabu aliyobaki nayo. Akapokea na cheti. Akarudi na posho ya mtu mmoja kichwani.

Mwanaisha akaishika ile bafta, akaipitisha kati ya vidole kama mnunuzi. "Nzuri," akasema. "Weka."

Wakaishi hivyo. Posho moja, midomo miwili, na mavuno yalipokuja nayo yakawa kidogo. Askari au mgeni yeyote akionekana njiani, watoto wa Siti walikimbia kusema, na Stamili alimbeba mama yake akamlaza nyuma ya mabua ya mtama, akamfunika. Jumbe Muharami alijua. Alikuwa akipita anakohoa kutoka mbali sana, mpaka watu wakadhani ana pumu. Nurdini alirudi kutoka Nanganga na mguu umevimba. Alimlisha dada yake kama kawaida, lakini hakumsemesha tena ana kwa ana. Alimwambia Stamili, "Mwambie," na Stamili akamwambia, wakati wote watatu wamekaa hapo hapo.

Mwanaisha aliishi miaka minne baada ya kufa kwake. Alikufa wakati wa mvua za masika, mchana, kichwa kikiwa mapajani kwa mwanawe. Stamili alishuka korongoni mara tatu, siku ile na kesho yake, kwa maji ya kumwosha. Akamvika bafta ya akida. Wakamzika kimya, kwa kuwa Nurdini aliogopa kilio kisifike kwa askari wakauliza ni nani huyo. Mke wa Nurdini alileta wembe. Stamili akasema, "Umekwisha pita."

Akakaa mkekani siku saba akingoja machozi. Hayakuja. Siku ya nane akachukua mtungi wake mdogo akashuka korongoni na wengine.

Baadaye aliolewa na mtu wa Lupaso, mpole, akamzaa mama yangu. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja. Alilima kwa mkono mmoja na kwapa, akapanda mikorosho ambayo mpaka leo tunaokota. Watu walisema ni mkavu. Kwenye misiba ya wengine alikaa mbele kabisa, akapika, akachota, akaosha maiti za wanawake ambao hakuna aliyetaka kuwagusa, lakini jicho lake halikulowa. Mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka minane, wazee walimfuata na wembe. Akasema kichwa chake hakinyoleki. Wakamsema sana. Wakaninyoa mimi peke yangu.

Nilipomaliza darasa la nne nilikuwa msomaji wa barua wa kitongoji chetu. Mwandiko wangu mwalimu Cuthbert aliubandika ukutani, na waliokuwepo bado wapo, waulizwe. Siku moja bibi aliniita nikae mbele yake, uani, akiwa amemaliza kumenya muhogo. Alikuwa na kitambaa magotini. Akakifungua. Ndani palikuwa na wembe wa zamani, wa chuma, mpini umefungwa uzi.

"Sophia," akasema. Kwa kawaida aliniita mjukuu wangu, au wewe. "Nimebaki na siku chache."

"Usiseme hivyo, bibi."

"Nasema habari yenyewe. Sikiliza. Nikifa watakuja kukunyoa kwa ajili yangu. Utawakatalia."

"Watanisema."

"Watakusema. Mimi wamenisema miaka arobaini na nimekula na kulala. Utawaambia nywele zako si za Stamili. Ni za Mwanaisha binti Somoe. Mimi nilimnyolea akiwa hai anasikia, na alipokata roho sikuwa na kitu cha kumpa. Hajaliliwa na mtu. Mama yako alikuwa wa tumbo lake, mjukuu wake, lakini sikuwahi kumwambia, nilichelewa. Umebaki wewe."

"Nifanye nini?"

"Ukae katikati ya miguu ya mwanamke wa ukoo wetu, yeyote atakayekuwapo. Atumie wembe huu. Akimaliza, usimame mbele ya watu, useme jina lake lote, na la mama yake, na aliyoyafanya. Halafu useme, Amekufa. Sema kwa sauti, maana mimi nililisema kwa uongo, na wewe utakuwa unasema kweli. Ukiweza kulia, lia. Usipoweza, basi umesema."

"Na wewe, bibi? Wewe nani atakunyolea?"

Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama kuna chumvi.

"Mimi acha. Anza na yeye."

Akaukunja ule wembe kwenye kitambaa, akaunyanyua kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukiegemea kiwiko chake. Mimi nikanyoosha mkono mmoja.

"Hapana," akasema bibi. "Pokea kwa mikono miwili. Wewe unayo."